Mwaka wa Kisamvu Kizito

Nyumbani kwetu karanga iliyopasuka haikuwa mbegu tena, ilikuwa mboga. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya mama yangu ninayoikumbuka, na nadhani niliijua kabla ya kufundishwa kuamkia wakubwa. Siku ya kubangua karanga za mbegu tulikaa mkekani uani, Mbagala, katikati yetu kibuyu na sufuria. Punje iliyotoka nzima, ngozi yake nyekundu haina mkwaruzo, iliingia kibuyuni. Iliyopasuka, au iliyochubuka hata padogo, iliingia kwenye sufuria, kwa sababu mbegu iliyochubuka ukiifukia inaoza kabla haijakumbuka kuota. Jioni zile za sufuria zilitwangwa, zikatiwa kwenye kisamvu, na tuliobangua ndio tuliokula. Yaani tulikula makosa yetu. Mkibangua ovyo, kisamvu kinakuwa kizito, kinashika ugali vizuri, na watoto wanashangilia. Mama hakushangilia. "Kisamvu kizito, shamba jepesi," alisema, akala matonge machache, akanawa.

Sheria ya pili ilikuwa kwamba anayebangua mbegu lazima aimbe. Usidhani ni kwa furaha. Ule ulikuwa ulinzi. Karanga kavu ni tamu, na mtu akikaa mbele yake wakati mdomo hauna kazi, mkono unapanda wenyewe. Mama na shoga zake wawili, majirani waliotoka kusini kama yeye, walianzisha wimbo na sisi watoto tukaitikia, huku masikio ya mama yakipita kwa kila mmoja wetu kama mwalimu wa zamu. Sauti moja ikipotea, hakugeuza hata shingo. "Aliyenyamaza anatafuna," alisema. Na mara nyingi aliyenyamaza nilikuwa mimi.

Karanga zenyewe mama alikuja nazo kutoka Newala akiwa bibi harusi, zimefungwa kwenye pindo la khanga. Alipewa na mama yake. Ni ndogo, nyekundu iliyokolea, ganda lake limebana kama mfuko wa bahili. Ukiziweka kando ya zile nono za sokoni Mabibo unaweza kuzionea huruma. Usizionee. Ukizitwanga zinatoa mafuta mpaka mchuzi unang'aa, na mama hakuwahi kutia mafuta ya dukani kwenye chungu chenye karanga zake. Kila masika alizipanda kwenye kishamba chake huko Kimbiji, akavuna, akazikausha, akazirudisha Mbagala ndani ya maganda yake, na kiroba kikaning'inizwa kwenye kenchi za jiko. Hapo hakiguswi. Karanga ya mbegu haibanguliwi mapema. Ukiivua ganda lake mapema, nguvu inaitoka. Inasubiri mpaka mawingu ya masika yaanze kujikusanya, ndipo inabanguliwa kwa haraka na kwa upole kwa wakati mmoja. Tuliamini kazi hiyo inawezwa na vidole vya binadamu tu.

Miaka ikaenda. Nikawa karani wa shule, nikaolewa, nikapata watoto, na mie na mume wangu tukajenga vyumba vyetu nyuma ya nyumba ya mama, ndani ya ua uleule. Shoga zake wakapungua. Mmoja tulimzika. Mwingine alichukuliwa na bintiye akaishi Goba, akawa anampigia mama simu kulalamika kwamba huko hata kwenda kununua chumvi ni kupanda mlima. Mama akabaki na vidole vyake, na vidole navyo vikamgeuka. Baridi yabisi ilianza kwenye dole gumba la kulia, ikahamia la kushoto. Asubuhi nyingine hakuweza kufunga kifungo cha gauni. Msimu mmoja nilimfuma jikoni anabangua kwa meno, kwa kujificha, na meno yenyewe yaliyobaki yalikuwa yanatazamana kwa mbali.

Msimu uliofuata mawingu yalipoanza, aliniomba nimshushie kiroba. Akakaa nacho mapajani kwa muda, akakipapasa.

"Mwaka huu zipikwe," akasema.

"Zipikwe nini?"

"Karanga. Twanga, pika, wagawie na majirani. Mie nimefika, mwanangu."

Mtu asiyelima anaweza kuona hilo ni jambo dogo. Lakini karanga haikai. Ukiruka msimu mmoja mbegu inazeeka; ukiruka wa pili huna mbegu, una chakula cha kuku. Karanga hizo ndogo hazikuwa zinauzwa popote nilipojua, na nyanya yangu aliyezitoa alikuwa ameshalala udongoni Newala. Zikipikwa, zimekwisha. Na sikuogopa kwa ajili ya karanga peke yake. Nilimwogopea aliyekuwa anazipanda. Mama wa Kimbiji alikuwa mtu mwingine kabisa: anapiga kelele, anafukuza ngedere, anagombana na jirani wa shamba kuhusu mpaka. Mama asiye na shamba angekaa kizingitini akimuuliza kila anayepita saa ngapi sasa. Nimewaona wengi walioishia hapo, na hawakukaa muda mrefu.

Mimi nina hasira za karibu. Penye kulia mie nagomba. "Nitabangua mwenyewe!" nikamwambia, kana kwamba yeye ndiye aliyenikosea. Nikabangua jioni moja baada ya kazi. Vidole vya karani vimezoea kibodi na mihuri. Nilipofikia kumaliza bakuli moja, dole gumba lilikuwa limevimba na sufuria lilikuwa limeshiba kuliko kibuyu. Mama akalitazama sufuria, akanitazama mimi, akasema, "Mungu akulipe, mwanangu," kwa upole ulioniudhi kuliko tusi. Nikapendekeza tuweke vibarua. Akasema vibarua wanatia karanga kwenye gunia wanaipiga fimbo kama mwizi. Nikabeba bakuli moja hadi Mabibo, kwa baba mmoja mchangamfu mwenye mashine ya umeme. Mashine ikanguruma, ikatema maganda huku na karanga kule, na karanga karibu zote zilikuwa nusu nusu.

"Sista, za kutwanga si hizohizo tu?" akaniuliza.

"Za mbegu."

"Aa, mbegu hiyo ishu nyingine. Zinyunyizie maji kwanza, zinalainika, hazipasuki."

Nilimpelekea mama ushauri huo kama dawa. Akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile. "Mbegu ukishailowesha umeshaipanda," akasema. "Sasa mie nikaipande sokoni?"

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea. Anatengeneza mageti na madirisha kwenye kibanda cha barabarani hapo Temeke. Ni mtu wa kanda ya ziwa, mpole, maneno yake yanatoka kama maji ya mgao. Alinisikiliza nikilalamika mpaka nikaishiwa, akasema, "Nitatengeneza."

Hapa lazima nieleze jambo, la sivyo hutaelewa tulivyohangaika. Mume wangu na mama yangu walikuwa hawasemezani. Hapakuwa na ugomvi wowote, ilikuwa heshima. Kwao ziwani mkwe wa kiume hamkaribii mama mkwe, hali naye, hamtazami usoni. Kwa mama, huko kusini, ni vilevile. Mmoja Mkristo, mwingine Mwislamu. Mmoja anasifia dagaa wa ziwani, mwingine anasema wana mchanga. Lakini hilo la kuheshimiana kwa kukwepana walikubaliana bila kikao. Asubuhi mume wangu alisimama mbali, macho chini, "Shikamoo, mama." Mama akavuta khanga kichwani, "Marahaba, baba." Basi, mpaka kesho. Mengine yote yalipitia kwangu. Mama yuko dirishani kwake, mume wangu yuko uani hatua chache tu, na mimi katikati kama posta.

"Mwambie mwenzio bati la choo linavuja."

"Mwambie mama nimesikia."

Na wote wawili wanasikiana vizuri kabisa. Jamani, nilichoka.

Mashine ya kwanza aliitengeneza kwa pipa lililokatwa nusu. Chini yake aliweka chekeche la nondo nyembamba zilizopangwa sambamba, na juu yake bomba lenye mapanga ya chuma, linazungushwa kwa mpini. Karanga unaimimina juu, mapanga yanaisukuma kwenye chekeche, ganda linapasuka, punje zinadondoka kwenye beseni. Ndivyo ilivyokusudiwa. Alitaka kujaribu kwa karanga za mama, lakini dirisha likajibu kabla sijafikisha: "Mwambie mbegu si ya kujaribia." Akanunua za Mabibo. Akazungusha. Ikatoka mashine ya kutengeneza siagi ya karanga.

Vipande havitupwi. Jioni nikatwanga, nikapika kisamvu. Mama alipokea sahani yake kupitia mlangoni, akaonja, na dirisha likasema, kwa sauti ya mtu anayezungumza na ukuta, "Mwambie mwenzio mboga ya leo nzito."

Mume wangu alikuwa amekaa ndani na sisi, tonge mkononi. "Amesikia, mama," nikajibu kwa niaba yake.

Tukala kisamvu cha karanga siku hiyo, na kesho yake, na siku zilizofuata. Alipunguza mapanga, kisamvu kikawa kizito. Alipanua nondo, kizito. Alisugua ncha zote za chuma kwa tupa mpaka zikawa laini, kikapungua kidogo, mama akasema, "Mwambie sasa kinamezeka." Mwanangu mdogo akauliza kama tumekuwa matajiri au maskini, nikamwongezea mboga. Mimi nilinenepa. Mume wangu alikuwa anakula kushindwa kwake kila jioni, tonge kwa tonge, bila kulalamika, na asubuhi anarudi kwenye mashine kabla ya kwenda kazini. Nilimhurumia, na huruma ikitoka kwangu inatoka kama ukali. "Si uache tu?" nilimwambia siku moja. Akasema, "Mama yako ataacha kwenda Kimbiji." Kumbe alikuwa anaogopa kilekile nilichokuwa naogopa, na miaka yote nilidhani hamjui mama, kwa kuwa hawazungumzi.

Siku moja alichukua katambuga zake za zamani, zile za tairi, akazikata vipande akavifunga kwa bolti juu ya mapanga ya chuma. Sasa mpira ndio uliokuwa unagusa karanga. Akazungusha pole pole. Punje zikaangukia kwenye beseni zikiwa nzima nzima, wekundu wake haujaguswa, na vipande vilikuwa vichache vya kuokota kwa vidole. Nilipiga kigelegele mpaka jirani akachungulia ukutani. Jioni ile kisamvu kilikuwa majani na chumvi. Mama alionja, akasema, "Mwambie mwenzio ataletewa mbegu."

Alinipa bakuli moja kutoka kwenye kiroba. Nilimimina mwenyewe. Mume wangu akazungusha mpini. Karanga za mama, ndogo kama nilivyosema, zikapita katikati ya nondo na maganda yake, zikaangukia beseni hazijafunguliwa, kana kwamba zimepita mlango wa mtu zikatoka wa pili. Akabana bolti. Zikapita. Akabana tena, akaongeza kasi, na hapo zikaanza kutoka unga. Aliendelea kuzungusha kwa muda, nadhani kwa kutoamini, kisha akaacha mpini. Mama alikuwa amesimama dirishani. Pazia likashuka.

Kosa lilikuwa la kijinga, na hakuna nyumba nyingine lingeweza kutokea ila yetu. Mume wangu hakuwahi kuishika karanga ya mama mkononi. Miaka yote alikuwa anaila ikiwa imetwangwa. Hakuiomba, kwa sababu mkwe haombi. Mama hakumpa, kwa sababu mkwe hapewi kitu na mama mkwe mkono kwa mkono. Na posta wao hodari alibeba maneno tu. Mashine nzima, mwanya kwa mwanya, ilikuwa imeshonwa kwa mwili wa karanga nyingine.

Jioni nilipika vile vipande kwa sababu ndiyo sheria. Ilikuwa karanga ya nyanya yangu ile, na ilikuwa tamu, na sikuweza kuimeza. Mama alirudisha sahani yake kama ilivyokwenda. "Zilizobaki upike kesho," akasema. "Mawingu hayamsubiri mtu." Nililia jikoni, nikasingizia kuni wakati natumia gesi.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Mbingu ilikuwa imeshuka, joto la kabla ya mvua linabana kifua. Mume wangu hakwenda kibandani. Alikaa kwenye kigoda mbele ya mashine yake, mikono magotini, kwa muda mrefu. Kisha akaniita.

"Mwambie mama," akasema, "naomba punje chache zikiwa na maganda yake nizishike. Na kama inawezekana, nione anavyobangua."

Nilienda. Nilimkuta mama amekaa kitandani na kiroba miguuni. Sikuwa na haja ya kurudia, alikuwa amesikia, lakini nilirudia kwa sababu ndiyo kazi yangu. Mama akatazama vidole vyake, akajaribu kuvikunja, havikukunjika. Akainuka. Nilidhani anakwenda chooni. Akachota karanga konzi moja, akajifunga khanga vizuri, akatoka nje mpaka uani.

Mume wangu alipomwona aliruka kutoka kwenye kigoda, akageuka upande, akatazama ukuta. Alikuwa tayari kuondoka.

"Mwambie akae," mama akaniambia.

"Kaa," nikamwambia. Akakaa, uso umegeukia ukutani.

Mama akakaa kwenye kigoda cha pili, upande wa pili wa mashine. Akatwaa karanga moja, akaishika kati ya dole gumba na kidole cha shahada. Ganda halikufunguka. Akajaribu tena. Nikanyoosha mkono nimsaidie, akanipiga kikofi. "Mwambie mwenzio," akaanza, "mwambie karanga ina mdomo, unaanza..." Akasita. Akaniangalia mimi, nimesimama katikati yao, na nadhani akaona tulivyo. Akasonya, nafikiri alijisonya mwenyewe.

"Baba," akasema, "lete mkono."

Mume wangu hakuelewa kama anaambiwa yeye. Mama akaunyoosha mkono wake juu ya mashine, akauchukua mkono wa mume wangu, ule mkono wa kuchomelea, wenye makovu ya cheche, akaweka karanga kati ya vidole vyake. Akaweka dole gumba lake lililokunjamana juu ya dole gumba la mkwewe. "Hapa ndipo mdomo wake," akasema. "Kidole hakipigi. Kinaegemea. Unaiegemea mpaka iseme yenyewe." Akaegemea. Ganda likasema *ta*, likafunguka kwenye mshono wake, na punje mbili zikalala kiganjani mwa mume wangu, hazikuguswa na kitu.

Nilimwona mume wangu akitazama kiganja chake, masikio yamemwiva, na mama akiwa hajauachia mkono. "Tena," akasema mama. Wakabangua konzi yote hivyo, vidole vya mama juu ya vidole vya mkwewe. Nilisimama pale kama nguzo. Nilimpenda mume wangu wakati ule kuliko siku ya harusi, na mama nilimpenda mpaka nikakasirika.

"Yangu inapiga," mume wangu akasema mwishowe. Hakuniambia mimi. Aliiambia mashine, lakini mama ndiye aliyejibu: "Ndiyo, baba. Inapiga."

Mume wangu akang'oa mpini wa kuzungusha. Kwenye bomba lilelile akachomelea mkono mrefu wa kusukuma mbele na nyuma, kama mtu anayepiga pasi, ili mpira upite juu ya karanga kwa kuegemea tu. Chekeche akalifumua, akapanga nondo upya huku kiroba cha mama kiko karibu yake, akipima mwanya kwa karanga zenyewe. Na mama alikaa palepale kwenye kigoda, khanga kichwani, akimpa moja moja, kubwa na ndogo, mpaka aone zote. Mpira wa katambuga akaubadilisha kwa wa tyubu ya ndani ya tairi, laini zaidi, akaukunja mara mbili. Mchana ukapita bila mtu kukumbuka chai. Ngurumo ya kwanza ilisikika upande wa baharini alipokuwa anakaza bolti ya mwisho.

Mama akamimina bakuli. Mume wangu akasukuma mkono mbele, akauvuta nyuma. *Ta, ta, ta,* ikasema mashine, kwa sauti ya chini, kama watu wengi wanaobangua kwa pamoja. Maganda yakafunguka, punje zikachuruzika ndani ya beseni. Mama akainamia beseni, akachota, akapepeta kwa ungo, akatafuta kosa kwa macho na kwa vidole visivyokunjika. Alipata vipande vichache akawatupia kuku. Akatafuta tena, hakupata kingine. Akanyanyua kibuyu akakiweka katikati, mahali pake pa siku zote, akamimina.

Nikasubiri shukrani. Mama hana mambo hayo. Alikaa akamtazama mkwewe anavyosukuma na kuvuta, kimya, jasho linamtiririka, akakunja uso.

"Baba, mbona sikusikii?" akasema. "Aliyenyamaza anatafuna."

Mume wangu akasimamisha mkono. Akanigeukia mimi aombe msaada, mimi nikageukia kuku.

"Sijui nyimbo za huku, mama," akasema.

"Imba za kwenu."

Nyimbo anazozijua ni za kwaya, na kwenye kwaya yeye ni besi. Besi peke yake si wimbo. Ni mtu anayekubali jambo ambalo hujalisikia. Lakini aliambiwa aimbe na mama mkwe, akaimba. Akasukuma mkono mbele, "Mmm-mmm," akauvuta, "Mmm-mmm." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mama hakucheka. Alisikiliza kidogo, akatafuta mahali pa kuingilia, kisha akaanza wimbo wake ule wa zamani wa kubangua, kwa sauti iliyokwaruzika lakini haijapotea njia, ukaketi juu ya besi ya kanisani kana kwamba vilitoka kijiji kimoja. Na mimi, kwa mazoea, nikaitikia. Tulimaliza kiroba kabla mvua haijafika ukutani kwetu.

Mama aliondoka na kibuyu chake kwenda Kimbiji, kwa binamu yake, ambako hufikia kila msimu. Mvua ikanyesha, ikakatika, ikanyesha tena. Siku zile sikulala vizuri. Punje inaweza kuwa nzima kwa nje na imeumia ndani, mashine inaweza kumdanganya mtu, udongo haudanganyiki. Mume wangu naye hakuuliza, ila kila jioni aliiangalia simu yangu kabla hajaiangalia yake.

Ikaita jioni moja tumekaa kula. Niliona ni mama, nikapokea haraka.

"Mama, shikamoo. Vipi shamba?"

"Marahaba. Mpe simu mwenzio."

"Sema tu, nitamwambia."

"Nimesema mpe simu."

Nikampa. Mume wangu akanawa mkono, akasimama wima, akavua kofia, akashika simu kwa mikono miwili kama anapokea kitu kwa mkubwa. Sauti ya mama ni kubwa kwenye simu, anaamini umbali unahitaji nguvu. Nikasikia kila neno.

"Baba, zimetoka. Zote zimetoka, mstari mzima, hakuna pengo la aibu."

"Asante, mama," akasema mume wangu.

"Mmekula nini huko?"

"Kisamvu, mama."

"Kina karanga?"

Akatazama sahani yake. Nilikuwa nimepika majani na chumvi na kitunguu, kwa sababu hatukuwa na kipande hata kimoja cha kutwanga.

"Hakina, mama."

"Vizuri," mama akasema, akakata simu. Na mimi nimekaa pale na mkono wangu wa ugali hewani, sina ujumbe wa kumpelekea mtu.